Hewa Nzito ya Bondeni

Wiki mbili zilizopita, katika kikao cha matanga nyumbani kwa marehemu Wanyama, Buruburu, niliketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa jikoni nikamsikiliza mkwewe akiwasimulia wageni jinsi mzee alivyovunja mlango wa mchawi. Kijana huyo ana kazi nzuri na vyeti vyake vyote. Alieleza kwamba zamani, kule chini karibu na mto, paliishi bibi aliyefuga jini la upepo. Kwamba jini hilo liliteremka mtoni kila alfajiri likiwakaba watoto. Na kwamba siku moja lilimgeukia mwenyewe likamuua ndani ya nyumba iliyofungwa kwa komeo. Wageni waliguna. Mmoja akauliza, "Na hayo mliyasikia kwa mzee mwenyewe?" Mkwe akatikisa kichwa. "Mzee alikuwa hasemi kitu. Ukimuuliza anakwambia, muulize Mutua." Nyuso zote zikanigeukia, kwa kuwa Mutua ni mimi. Nilikuwa na kikombe cha chai ya maziwa mkononi. Nikasema kwamba chai ile ilikuwa ya moto sana. Mazungumzo yakahamia kwenye gari la kubebea jeneza.

Nimefundisha Jiografia kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwanafunzi aliyeanza jibu lake kwa neno "inasemekana" nilimkalisha chini mbele ya wenzake, nikamwuliza ni nani aliyesema, aliona nini, alisimama wapi na ilikuwa saa ngapi. Wengi waliniogopa kwa ajili hiyo, na baadhi yao wamenishukuru ukubwani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kujua ni wapi nilikopata ukali huo. Niliupata katika mwaka mmoja tu, kabla sijawa mwalimu, nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, nikiwa mpimaji mdogo wa hali ya hewa katika kituo kimoja cha jiji na mpangaji wa nusu ya chumba katika mtaa wa Halmashauri uliokuwa ukitazama Mto Nairobi, kitambo kidogo chini ya soko la Gikomba. Nusu ya pili ya chumba ilikuwa ya Wanyama.

Chumba chenyewe kilikuwa na sakafu ya saruji, vitanda viwili vya chuma, meza moja tuliyoigawana kwa zamu, na dirisha la mbao lililotazama mtoni. Wanyama alikuwa karani wa reli, mtu wa magharibi, mrefu, mwenye kicheko kilichomtangulia mlangoni. Yeye alileta omena, dagaa wa ziwani, mimi nilileta muthokoi kutoka nyumbani, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa pamoja na maharagwe, na kila Jumapili tulibishana ni chakula kipi kilichokuwa cha watu. "Hii yako ni chakula cha kufungia safari ya miguu," alikuwa akiniambia. "Mtu akila anatembea mpaka Mombasa bila kusimama." Ukuta uliotutenga na jirani haukufika kwenye paa, kwa hiyo tulisikia kila neno la chumba cha pili, walimokaa Baba Ndunge, mchonga vinyago, na mkewe. Nami niliyajua maisha ya mtaa huo kwa njia hiyo kwanza, kwa sauti zilizopita juu ya ukuta pamoja na harufu ya vitunguu.

Ni lazima nieleze namna ardhi ilivyokaa, kwa maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Nyumba zilipangwa kwa safu zilizoteremka kuelekea mtoni. Yetu ilikuwa safu ya pili kutoka chini. Chini yetu ilibaki safu moja tu, kisha matete, kisha maji. Upande wa mashariki, kule mto ulikoelekea, palikuwa na tuta refu la barabara lililokata bonde kutoka ukingo hadi ukingo, na maji yalipita chini yake kwa mabomba makubwa ya saruji. Upande wa magharibi, mbali, ulikuwako mwinuko wa Ngong na nchi ya juu ya Kikuyu na Limuru. Usiku usio na mawingu ardhi ya huko juu hupoa upesi, na hewa inayoigusa hupoa pamoja nayo. Hewa baridi ni nzito. Hufanya kama maji: hutafuta mahali pa chini, huingia katika vijito vya mabonde, huungana na kuteremka polepole kuelekea mashariki, na ikikuta kizuizi hujaa nyuma yake. Asubuhi jua likishapasha miteremko, hewa hugeuka na kupanda ilikotoka. Haya niliyasoma darasani, nikayafanyia mtihani. Ila sikujua wakati huo kwamba nilikuwa nalala ndani yake.

Mwezi wa Julai ulikuja na ukungu. Mafundi wa mbao wa kule juu Gikomba walikuwa wakichoma maranda na unga wa mbao jioni, na mioto hiyo ilifuka usiku kucha. Watu wa safu ya chini walianza kuamka na vichwa vizito na vifua vinavyokereketa. Mtoto mchanga wa nyumba ya tatu akafa kabla ya kutimiza miezi minne. Nilisaidia kubeba mabenchi ya kanisani siku ya maziko, na hapo ndipo nilipoona kwamba akina mama hawakuwa wakilia tu. Walikuwa wakitazamana. Jioni ile sauti zilipita juu ya ukuta.

"Nyumba zote zimekohoa," alisema Mama Ndunge. "Zote. Isipokuwa moja."

"Nyamaza, mke wangu. Hao vijana wanasikia."

"Wasikie. Wao pia wanalala chini. Huyo Kavata mbona hakohoi? Na huo moto anaotembea nao saa kumi usiku ni wa nini? Mimi nimeuona kwenye ukungu, jicho moja jekundu, linapanda lenyewe, hakuna mtu chini yake."

Bi Kavata alikaa nyumba ya mwisho ya safu ya chini, ile iliyokaribia tuta kuliko zote. Alikuwa mjane wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na riziki yake ilikuwa uji. Alikuwa akiwasha jiko la makaa nje ya mlango wake kabla ya mapambazuko, kisha akipanda nalo mkononi, ndoo ya uji kichwani, hadi kwa mafundi wa Gikomba, ili wapate kitu cha moto kabla ya kushika randa. Jicho jekundu la Mama Ndunge lilikuwa ni jiko hilo. Mimi nilikuwa nikinunua uji wake siku za zamu ya alfajiri, na aliniita mwanangu. Nilipomwuliza kwa nini hakuugua kama wengine, alinijibu bila kusita: "Mwanangu Mutua, baridi ya hapa mimi naijua kwa miguu. Inaanza kwenye vifundo, inapanda. Ikinifika magotini najua nimechelewa, najitwika ndoo naenda juu. Wale wengine inawakuta kitandani." Ulikuwa uchunguzi bora kuliko wowote nilioufanya mwaka huo. Sikuuandika katika daftari langu, kwa sababu magoti ya mwuza uji hayakuwa kifaa kilichoidhinishwa.

Hofu ya mtaa haikui kwa kelele. Ilianza kwa watu kutonunua uji. Kisha mtu akamwagia majivu mlangoni pake. Kisha jiwe likapiga mabati yake mchana kweupe, na watoto waliokuwa wakicheza hapo hawakukimbia, ndipo nikajua kwamba wametumwa. Alhamisi moja wanaume wa safu tatu walikutana chini ya taa ya barabarani wakaamua kwamba ifikapo Jumapili Bi Kavata awe ameondoka, la sivyo mlango wake ungefungwa kwa nje na nyumba ikachomwa. Aliyesema hivyo hakuwa mlevi. Alikuwa ni baba wa yule mtoto mchanga, mtu mpole, dereva, na alisema kwa sauti ya mtu anayepanga kuhamisha vyombo. Niliporudi chumbani nilimweleza Wanyama. Akaweka sufuria chini. "Wewe si Daktari wa Upepo?" akaniambia; ndilo jina nililotaniwa nalo. "Basi watibu. Hawa watu wamefikia kuua."

Usiku uleule nikaazima vipimajoto viwili kazini bila ruhusa. Alfajiri ya Ijumaa nilipima juu kwenye vibanda vya mafundi na chini kwenye tuta, na tofauti ilikuwa kubwa mno hata nikadhani kipimo kimoja kimeharibika. Jumamosi nikawaita watu wote. Walikuja wakiwa wamejifunika mablanketi, saa kumi na moja na nusu, wengine wakiwa na rungu. Niliweka debe la unga wa mbao unaofuka pale juu, na moshi haukupanda. Uliinama ukingoni mwa debe kama kitu kizito, ukagusa ardhi, ukaanza kuteremka kwa mwendo wa mtu mzee. Tulitembea kando yake. Ulipita kati ya nyumba, ukafika kwenye tuta, ukasimama. Hapo ulijaa. Tuliuona ukipanda kidogo kidogo kwenye kuta za safu ya chini, ukipenya chini ya milango na kwenye nyufa za madirisha. Mwanamke mmoja alianza kuomba kwa sauti. Nikawaambia wangoje. Jua lilipogusa mteremko, ule moshi ulisita, ukatikisika, kisha ukageuka na kuanza kupanda kule tulikotoka.

Nilidhani nimeshinda. Nikasema, "Mmeona wenyewe. Ni hewa tu. Milima inaituma, bonde linaileta, tuta linaizuia."

"Tumeona," alijibu Mama Ndunge. "Tumeona linarudi kwao jua likitoka. Jini gani linapenda jua?"

Watu walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha woga. Baba Ndunge, ambaye hakupenda damu, ndiye aliyetafuta njia ya katikati. Alipendekeza kwamba Bi Kavata abaki, kwa sharti kwamba asionekane tena akitembea na moto kabla jua halijatoka; uji wake aupike ndani, mlango ukiwa umefungwa. Baba wa yule mtoto aliyekufa akakubali kwa kuinamisha kichwa. Kisha Baba Ndunge akanigeukia. "Na wewe, Daktari wa Upepo, dawa yako ni nini?" Nami, nikiwa nimejaa fahari ya moshi wangu, nikawaambia wazibe kila tundu linalotazama mto: chini ya milango, pembeni mwa madirisha, kila ufa. Jioni hiyo safu yote ya chini ilikuwa ikikata vitambaa vya mitumba vipande vipande. Nilipita nyumba kwa nyumba nikikagua kama mkuu wa kituo.

Nyumba ya mwisho nilimkuta Bi Kavata amepiga magoti akisokota kipande cha koti la zamani chini ya mlango. Chumba chake kilikuwa safi mno. Kulikuwa na kitanda, sanduku, kalenda ya kanisa na picha ya mjukuu wake Mumbua, aliyekuwa akisoma kwao Ukambani kwa pesa za uji. Alinitazama akauliza, "Na moshi wa jiko utatokea wapi, mwanangu, kama nimeziba hivi?"

Nikamjibu, "Ngoja makaa yashike mpaka yawe mekundu, Bi Kavata. Makaa yakishika vizuri hayana moshi. Hayana neno."

Nimeligeuza jibu hilo kichwani mwangu kwa zaidi ya miaka hamsini. Sikulitoa kitabuni. Sikulipima. Nilikuwa nimelisikia kwa mama zangu, kwa majirani, kwa kila nyumba iliyowahi kungoja makaa yawe mekundu nje ndipo iingize jiko ndani wakati wa baridi. Kila mtu alilisema, na mimi nikalisema. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, na hiyo ndiyo inayoua. Katika mtaa mzima ni mimi peke yangu niliyedai kwamba siamini ya kusikia, na ni mimi niliyempa neno la kusikia, nikalifunga kwa sauti ya mtaalamu.

Jumatatu asubuhi Wanyama alitoka mapema kuwahi zamu. Alirudi baada ya dakika chache akanishika bega. "Kavata hafungui. Nasikia uji unaungua." Tulishuka katika ukungu uliotufika kifuani. Kweli harufu ya uji ulioungua ilikuwapo, lakini hapakuwa na sauti yoyote. Wanyama aligonga, akaita, kisha akaweka bega lake na komeo likang'oka. Alikuwa ameketi chini, mgongo ukiegemea kitanda, mwiko mkononi, uso wake umetulia na wenye wekundu wa afya. Sitasema zaidi juu ya uso huo. Jiko lilikuwa katikati ya chumba, makaa yakiwa mekundu sawasawa, bila uzi wa moshi. Mimi nilisimama pale nikiyatazama makaa. Wanyama alinitazama mimi, kisha jiko, kisha kile kitambaa cha koti chini ya mlango, na nikaona wazo likimfikia.

"Wewe ndiye uliyemwambia?"

 Niliinamisha kichwa kukubali.

Alilichukua jiko kwa mikono yake mitupu, akalikimbiza hadi mtoni akalitupa. Makovu ya siku hiyo alizikwa nayo. Akarudi akaondoa vitambaa, akavisukumiza ndani ya koti lake. "Sikiliza," akasema, akihema. "Wakijua ni ile dawa yako, hao watu wa Alhamisi hawajaenda popote. Watakufungia wewe mlango kwa nje. Usiseme neno." Kisha akapiga kelele kuwaita majirani. Walikuja, wakaona mwanamke amekufa ndani ya nyumba iliyofungwa, bila jeraha, bila moto, na kabla hajafunikwa uso Mama Ndunge alikwisha kusema: "Limemgeukia mwenyewe." Sentensi hiyo ilipita mkono kwa mkono kama sahani ya mkate. Nilikuwa na uwezo wa kuisimamisha. Nilikuwa na daftari mfukoni. Nilichofanya ni kwenda kazini, na rekodi yangu ya asubuhi hiyo, iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri, inasema: ukungu mzito, upepo shwari. Mwisho wa mwaka niliacha kazi ya kupima hewa nikaenda chuo cha ualimu.

Naam, baada ya kikao cha matanga nilingoja mpaka wageni wapungue. Nekesa, binti mkubwa wa Wanyama, alikuwa akikusanya vikombe. Nikamwuliza, kwa shida, kama baba yake aliwahi kumtaja mtu aitwaye Mumbua. Aliweka vikombe chini. "Baba alikuwa akimtembelea kila Krismasi," akasema. "Anakaa Pipeline. Baba aliniambia, Mutua akiuliza, mpeleke. Asipouliza, nyamaza." Nikamwomba anipeleke. Wanyama aliningoja maisha yake yote bila kunisukuma hata mara moja.

Tulikwenda Jumatano. Majumba ya Pipeline yamesimama karibu karibu hata kichochoro kimekuwa bonde lenye kuta za ghorofa saba, na upepo ulishuka humo ukikokota mifuko ya plastiki. Nilipanda ngazi nikisimama kila ghorofa. Mumbua ana nywele nyeupe sasa. Alitukaribisha vizuri, akatuwekea chai na mandazi, na akaniita mzee kwa heshima iliyonichoma. Nikamweleza yote: moshi, sharti, vitambaa, swali la nyanyake na jibu langu. Nilimweleza kama nilivyowafundisha watoto wa watu kueleza, nani, wapi, saa ngapi. Alisikiliza bila kunywa chai yake.

"Nilitolewa shule," akasema mwishowe. "Kijijini waliniita mjukuu wa mchawi. Mama mkwe wangu aliposikia, ndoa ikaisha. Watoto wangu nimewaambia kwetu ni kwingine. Sasa unaniambia alikuwa anapika uji tu?"

"Alikuwa anapika uji tu. Aliniuliza nami nikamjibu vibaya."

"Na wewe ulikuwa unajua miaka yote hiyo."

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa."

Nilitarajia anifukuze, na pengine nilitamani hivyo. Badala yake aliinuka, akafungua mlango wa nje hadi mwisho, na upepo wa kichochoro ukaingia ukapeperusha pazia. Akaita jina la binti yake chumba cha ndani, akaita la mjukuu, kisha akatoka kwenye ujia akagonga milango ya majirani. Walikuja na mikono yenye sabuni, vijana kwa wazee, wakajaza chumba na mlango. Kijana mmoja akamwuliza bibi huyo, "Niaje, shosh, kuna nini?"  Mumbua alirudi akaketi mbele yangu, magoti yake yakikaribia kugusa yangu.

"Anza tena," akasema. "Usianze na milima. Anza pale alipokuuliza."

Nikautazama ule umati. Nyuso zao zilikuwa kama nyuso za Alhamisi ile chini ya taa. Nikawaambia jina langu kwanza. Kisha nikasema: "Aliniuliza moshi wa jiko utatokea wapi."